Tangi la Samaki Sebuleni

Msikilizaji wa Meru na Embu, umenunua tangi la kioo na watoto wanataka samaki leo leo. Wangoje. Maji ya mfereji yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza. Kisha washa kichujio, anza na samaki wawili watatu, na chakula kiwe kidogo. Bakteria wanaoondoa sumu ya amonia itokayo kwenye kinyesi huchukua wiki 4 hadi 6 kukomaa. Usidanganywe na maji maangavu: amonia haina rangi.

Baridi yetu ya Julai nayo! Samaki aina ya gapi wanataka nyuzi 24 hivi, basi nunua hita. Ukiwachoka, mpe jirani. Usiwamwage katika mto Rupingazi wala Kathita.