Zawadi imefika: karatasi zake analipa nani?

Maneno tuliyosoma mbele ya memba na wafadhili



Mnakumbuka zile mashini za kushona tulizopewa kwa ajili ya wamama waliorudi Nyabiondo na Kibua. Barua ilisema usafiri umelipwa mpaka Goma. Tulipiga makofi. Kumbe mzigo ulipofika, deklaranti akatuletea hesabu ingine: FERI, ndiyo fishi ya habari za mizigo inayoingia nchini, kazi ya kuingiza deklarasi katika kompyuta, na siku ambazo mzigo ulilala ghalani. Nani atalipa? Hakuna aliyekuwa ameandika. Tulitoa katika kifuko chetu michango ya miezi mitatu, makuta yaliyokuwa ya wagonjwa na ya matanga.

Hatusemi mtu alituibia. FERI inatolewa na OGEFREM, na inaombwa mapema, mbele ya mzigo kufika. Deklarasi nayo inapita katika Sydonia, programu ya duane yetu, DGDA. Anayeijaza anadai malipo ya kazi yake. Hata tukipata msamaha wa kodi, ule ni wa kodi tu: deklaranti na mwenye ghala bado wanangoja makuta yao.

Wafanyabiashara wa dunia wana maneno ya kugawa gharama, yanaitwa Incoterms. Mkiandika DAP Goma, mtumaji anafikisha mzigo, lakini duane ya kuingiza iko juu ya anayepokea. Mkiandika DDP Goma, mtumaji anabeba yote, hata ushuru. Ila maneno hayo hayataji FERI kwa jina, na ndipo watu wanasukumiana. Basi iandikwe peke yake.

Ombi letu ni hili. Mbele ya mzigo kuondoka, tuandikiane karatasi moja: FERI ni ya nani, deklaranti ni wa nani, ghala ni la nani. Kama makuta hayatoshi, punguzeni mashini moja, mlipe karatasi. Afadhali mashini tisa zinazoshona kuliko kumi zinazolala ghalani.

Nasi wa kamati hatutasema tena "ndiyo" kwa mzigo ambao hatujaona karatasi hiyo. Mama aliyeuza maharagwe yake ili atoe mchango asilipishwe zawadi yake mwenyewe.