Kuendesha kwa Ajili ya Kukimbia: Mhadhara wa Umma Kuhusu Baiskeli katika Triathloni Ndefu



Mwezi Oktoba mwaka 2024, katika mashindano ya dunia ya triathloni ya Ironman huko Kona, visiwa vya Hawaii, Mfaransa Sam Laidlow alimaliza kilomita 180 za baiskeli kwa saa 3, dakika 57 na sekunde 22. Hakuna aliyewahi kwenda kasi namna hiyo katika mashindano ya Kona. Aliposhuka kwenye baiskeli alikuwa mbele ya wote, na kwa dakika nyingi. Kisha marathoni ikaanza na miguu ikamkatalia. Alimaliza akiwa wa 18. Mjerumani Patrick Lange, aliyekuwa nyuma yake kwa mbali, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 37 na sekunde 34, akachukua ubingwa kwa rekodi mpya ya Kona, saa 7, dakika 35 na sekunde 53.

Laidlow si mgeni katika mchezo huu, wala si mtu wa papara. Mwaka 2023 alikuwa bingwa wa dunia mjini Nice, na mwaka 2022 alishika nafasi ya pili pale pale Kona. Ikiwa mtu wa kiwango hicho anaweza kuiacha marathoni yake kwenye baiskeli, sisi wengine tuna sababu kubwa zaidi ya kujiuliza baiskeli katika triathloni ndefu ina kazi gani hasa. Jibu langu ni kwamba kazi yake ni kumfikisha mtu kwenye marathoni mapema, akiwa bado ana uwezo wa kukimbia. Mazoezi, vifaa na chakula vyote vipimwe kwa kipimo hicho.

Kwa wasioufahamu mchezo huu: triathloni ya masafa kamili ni kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia kilomita 42.2, bila siku ya kupumzika katikati. Ilianza Februari 1978 katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, kwa wazo la afisa wa jeshi la majini la Marekani John Collins na mkewe Judy. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Mshindi wa kwanza, Gordon Haller, alitumia muda wa karibu saa 12. Ipo pia nusu yake, ambayo baiskeli yake ni kilomita 90, na hiyo imefika kwetu: mwaka 2022 ilianza kufanyika Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu. Katika masafa yote mawili, baiskeli hula takriban nusu ya muda wote wa mshiriki. Ndiyo maana watu huifikiria kuwa mahali pa kushindia. Mimi naiona zaidi kuwa mahali pa kupotezea.

Hewa hatuioni, lakini kwenye barabara tambarare ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote. Ukifika kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zako inaishia katika kuipasua. Na hapa pana jambo la fizikia ambalo kila mwendesha baiskeli angepaswa kulijua kwa moyo: nguvu inayohitajika kupasua hewa hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, hewa inadai nguvu mara nane.

Tufanye hesabu. Mchukueni mshiriki wa kawaida, mwenye kazi na familia, anayekwenda kilomita 30 kwa saa. Kilomita 180 zitamchukua saa 6. Akiamua kwenda kilomita 31 kwa saa, ataokoa karibu dakika 12. Lakini nguvu anayotumia kupasua hewa itapanda kwa asilimia 10, na atalazimika kuitoa kwa muda unaokaribia saa 6. Sasa tumfuate kwenye marathoni. Tuseme alipanga kukimbia kila kilomita kwa dakika 6. Aliyeishiwa hutembea, na mwendo wa kutembea wa mtu aliyechoka ni dakika 10 kwa kilomita. Kila kilomita anayotembea inamgharimu dakika 4. Akitembea kilomita 3 tu, dakika zake 12 zimekwisha. Na mtu aliyeanza kutembea kilomita ya 20 hatembei kilomita 3, anatembea 15.

Dakika hizo zinapatikana kwa njia nyingine isiyogusa misuli. Ukipunguza ukinzani wa hewa kwa asilimia 10 huku ukikanyaga kwa nguvu ile ile, mwendo unapanda kwa takriban asilimia 3.5, yaani karibu kilomita moja kwa saa. Ukihesabu na msuguano wa tairi na barabara, faida inapungua kidogo, lakini bado ni dakika nyingi na miguu haijalipia hata moja. Ukinzani huo unatoka wapi? Sehemu kubwa sana inatoka kwenye mwili wa mwendeshaji mwenyewe. Baiskeli ina sehemu ndogo tu. Kwa hiyo mtu anayekopa fedha anunue magurudumu ya bei kubwa huku ameketi wima kama anaenda sokoni ametengeneza upande usio na tatizo.

Historia ina ushahidi wa wazi kuhusu mkao. Katikati ya miaka ya 1980 Mmarekani Boone Lennon, aliyekuwa kocha wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji, alibuni usukani unaomwezesha mwendeshaji kulaza vigasha mbele, mikono ikiwa karibu karibu, kama anavyojikunja mtelezaji anapoteremka mlima. Wanatriathloni walikuwa wepesi kuupokea. Waendesha baiskeli wa Ulaya waliuangalia kwa mashaka. Tarehe 23 Julai 1989, siku ya mwisho ya Tour de France, Greg LeMond alikuwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50, na zimebaki kilomita 24.5 tu za kila mtu kukimbizana na saa peke yake, kutoka Versailles hadi Paris. LeMond alitumia usukani huo na kofia ya kupunguza ukinzani wa hewa. Fignon alikwenda kichwa wazi, nywele zake ndefu zimefungwa nyuma. LeMond akazifuta sekunde zote 50, akashinda kwa sekunde 8, baada ya wiki tatu na zaidi ya kilomita 3,200. LeMond siku hiyo alikuwa na nguvu nyingi pia, hilo lisifichwe. Lakini baada ya Paris, usukani wa kulalia haukuhitaji tena wa kuutetea.

Tuutazame mkao wenyewe kwa karibu. Mwekeni mwendeshaji kwenye rola, mtazameni kwa upande akikanyaga kwa dakika 10. Viwiko vimekaa chini ya mabega au mbele yake kidogo, ili mifupa ibebe uzito na misuli ya mikono ipumzike. Mgongo umelala, lakini goti linapopanda juu haligongi tumbo. Likigonga, pembe ya nyonga imefungwa mno: pumzi inabanwa, na misuli ya mbele ya nyonga inakazwa, ile ile itakayohitajika kwenye marathoni. Dawa yake ni kusogeza siti mbele na kuinua kidogo, ndiyo maana siti ya baiskeli ya triathloni hukaa mbele kuliko ya baiskeli ya kawaida ya mashindano. Kisha tazameni kichwa. Wengi huanza wameshusha vizuri, baada ya dakika chache shingo inachoka na kichwa kinasimama katikati ya upepo. Tazameni na fulana: ikipepea begani, au namba ya mashindano ikipiga piga kama bendera, hiyo ni nguvu inayomwagwa.

Wanafunzi huniuliza watapimaje bila maabara. Tafuteni mteremko mfupi, salama, usio na magari, asubuhi upepo haujaanza. Shukeni bila kukanyaga, kutoka alama moja, na muangalie kasi mliyofika chini. Badilisheni jambo moja tu, kisha rudieni mara kadhaa. Mkao unaowapa kasi kubwa zaidi ndio wenye ukinzani mdogo. Halafu ujaribuni kwa saa 3 mfululizo, kwa sababu mkao usioweza kudumu nao mpaka kilomita ya 150 hauna faida yoyote.

Nikirudi kwenye nguvu: mtu aendeshe kwa nguvu kiasi gani? Makocha wengi humtaka mwendeshaji ajue kizingiti chake, yaani nguvu anayoweza kuishikilia kwa takriban saa moja. Jaribio la kawaida ni kukanyaga kwa juhudi zote kwa dakika 20 na kuchukua asilimia 95 ya wastani wa wati. Kwa masafa kamili, washiriki wengi hufanya vizuri wakibaki kati ya asilimia 65 na 75 ya kizingiti hicho. Kipima wati tulichokipata kutokana na kazi ya mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer katika miaka ya 1980 bado ni ghali kwa wengi wetu. Asiyekuwa nacho atumie mapigo ya moyo na pumzi: katika saa 2 za kwanza awe anaweza kusema sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Akihisi anakwenda polepole mno, yuko sawasawa.

Adui hapa ni kupanda na kushuka kwa juhudi. Kila unapoinuka kwenye siti kumfukuza mtu mlimani, misuli inageukia akiba yake ya sukari, glikojeni, na akiba hiyo hairudi kirahisi ukiwa njiani. Wastani wa wati unaweza kuwa ule ule kwa watu wawili, lakini aliyeendesha kwa juhudi sawasawa atakimbia vizuri kuliko aliyerusha miguu kila kilima. Kwenye mlima ongeza kidogo, weka kikomo, na ukubali kupitwa. Kanuni zenyewe zinakulazimisha uwe peke yako: katika mashindano mengi ya Ironman mshiriki wa kawaida anatakiwa kuacha nafasi ya mita 12 nyuma ya mwenzake, ili asijifiche kwenye kivuli cha upepo.

Sasa chakula, jambo ambalo naliona linapuuzwa kuliko yote. Mtu anayetoa wastani wa wati 170 kwa saa 6 anatumia takriban kalori 3,600. Glikojeni ya misuli na ini, hata akiwa ameshiba vizuri siku zilizotangulia, ni kalori 2,000 hivi. Mafuta ya mwili ni mengi, lakini hutoa nguvu taratibu. Pengo lazima lizibwe kwa kula njiani. Utumbo hupokea glukosi kwa kiasi cha gramu 60 kwa saa, hapo njia yake inajaa. Fruktosi hupita njia nyingine. Utafiti wa Asker Jeukendrup na wenzake katika Chuo Kikuu cha Birmingham ulionyesha kwamba ukichanganya sukari hizo mbili, mwili unaweza kutumia gramu 90 kwa saa, au hata zaidi.

Habari njema ni kwamba mchanganyiko huo umo jikoni kwenu. Sukari ya mezani ni nusu glukosi, nusu fruktosi. Gramu 60 za sukari katika chupa ya mililita 750, chumvi ya kutosha kuonja, ndimu kidogo, kisha ndizi mbivu mfukoni: hapo mtu ana chakula cha saa moja. Lakini tumbo nalo hufundishwa. Anza na gramu 40 kwa saa katika safari ndefu za mazoezi, ongeza wiki baada ya wiki. Asiyewahi kula akiwa kwenye mwendo wa mashindano asitegemee tumbo limpokee siku yenyewe. Na katika joto la pwani, kunywa maji matupu kwa pupa ni hatari: chumvi ya damu hushuka, na watu wamewahi kufa kwa hilo.

Kuhusu mpango wa mazoezi sitachukua muda mrefu. Uchunguzi wa Stephen Seiler kuhusu wanamichezo bora wa masafa marefu unaonyesha kwamba takriban asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi. Anayejiandaa kwa masafa kamili anahitaji safari moja ndefu kwa wiki, ifikie saa 4 au 5 polepole. Siku moja ya vipindi vigumu, kwa mfano dakika 15 mara 3 chini kidogo ya kizingiti. Na mara kwa mara kukimbia dakika 20 mara tu anaposhuka kwenye baiskeli, ili miguu ijue mabadiliko hayo. Siku nyingine zote ziwe nyepesi kweli kweli.

Katika yote niliyoyasema, zoezi ambalo vijana wetu wanalikosa ni ile safari ndefu. Mkao tunaweza kuurekebisha uani, sukari ipo, pumzi haina bei. Lakini saa 5 za kuendesha kwa utulivu, umelala kwenye usukani, huwezi kuzipata katikati ya malori na mabasi yanayokupita kwa upana wa kiwiko. Eneo letu limejaa wakimbiaji ambao wangeweza kusumbua dunia katika mchezo huu, na wanazuiwa na kukosa barabara. Kigali wamekuwa wakifunga baadhi ya barabara zao kwa magari, Jumapili asubuhi, tangu mwaka 2016. Naomba uongozi wa chuo hiki, ukishirikiana na polisi na halmashauri, utuombee kipande kimoja cha barabara, kila Jumapili, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 asubuhi.