Maji Machafu na Majirani wa Mto

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, nalo ni maji yatokayo vyooni, jikoni na viwandani. Mtu avutaye maji chooni hudhani kwamba habari yake imekwisha. La, ndiyo kwanza inaanza.

Yapata kilometa 30 mashariki ya Nairobi, mahali paitwapo Ruai, pana mabwawa ya kusafishia maji machafu ya mji, nayo ni miongoni mwa makubwa ya namna yake katika Afrika. Kwanza maji hupita katika vyuma vilivyopangwa kama meno ya chanuo, matambara na vijiti vikazuiwa. Kisha huingia katika bwawa lenye kina kirefu, na humo uchafu mzito huzama ukaliwa na vijidudu visivyohitaji hewa. Katika bwawa la pili mwani hutumia mwanga wa jua kutoa oksijeni, nayo huvipa vijidudu vingine nguvu ya kuendelea na kazi. Mwisho, katika mabwawa yenye kina kifupi, jua lenyewe huua vijidudu vya maradhi. Basi mfanyakazi mkuu wa Ruai ni jua, na dawa yake ni siku nyingi za kungoja.

Ndipo maji hurudishwa katika mto Nairobi. Mto huo huungana na Athi. Athi mbele huitwa Galana, na mwisho Sabaki, ukaingia baharini kaskazini ya Malindi. Kwa hiyo mama atekaye maji Ukambani na mvuvi wa Malindi ni majirani zetu.

Lakini mabwawa hayawezi kusafisha maji yasiyoyafikia. Wako watu wazibao mabomba makusudi, maji machafu yafurike wapate kumwagilia mboga. Simshangai mkulima wakati wa kiangazi, maana maji hayo hayakauki, tena yana mbolea. Lakini yaweza pia kuwa na kipindupindu, homa ya matumbo na mayai ya minyoo, nayo hufuatana na sukuma wiki mpaka mezani. Wengine huiba mifuniko ya mashimo ya mabomba, au hutupa takataka ndani. Bomba likiziba, uchafu hutafuta njia ya karibu, nayo ni mto.

Ni kweli kwamba mitaa mingi haijafikiwa na bomba. Hilo ni deni la wenye mamlaka, wala si kosa la wakaazi. Lakini palipo na bomba, ulinzi wake ni wetu sote.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukiona bomba limepasuka, usipite kimya. Nenda ukatoe habari siku ile ile. Mtoto anywaye maji huko chini ya mto hakujui jina lako, lakini hunywa kile ulichokiacha.