Mahakama Iliyopelekwa Mbali na Masikio



Katika kongamano moja jijini Mombasa, msomi ninayemheshimu alitwambia kwamba msafiri anayetafuta historia ya sheria katika Afrika Mashariki hana haja ya kuipita Nairobi. Aitazame Mahakama ya Kale ya Mombasa, ya mwaka 1902, karibu na Fort Jesus. Avuke bahari aione Mahakama Kuu ya Vuga, Zanzibar, aliyoisanifu John Sinclair. Kisha arudi kwao. Huku kwetu bara, alisema, kulikuwa na ofisi za madisii na miti tu. Neno hilo la mwisho halijanitoka hadi leo.

Safari ya mabaraza ya wenyeji hadi Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1967 mnaijua, siirudii. Nataka kuigusa dhana iliyobeba hoja ya msomi yule, kwamba jengo ni ushahidi wa sheria. Jengo hushuhudia uwezo wa aliyelijenga. Nguzo za Vuga zinatueleza jinsi serikali ilivyotaka kuonekana. Hazituelezi nani aliruhusiwa kuingia, nani aliielewa lugha iliyosemwa humo, wala nani alirudi nyumbani akijua kwa nini ameshindwa. Msafiri anayepiga picha za nguzo akaondoka ameisoma barua ya upande mmoja.

Basi na apande matatu hapa Moiben, ateremke Eldoret, tunakokuita Sisibo, apande nyingine ya Kitale, kisha nyingine tena hadi Kapenguria. Huko ndiko walikofikishwa mahakamani Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko. Kesi ilifunguliwa tarehe 3 Desemba 1952 katika darasa la shule, na hukumu ikatolewa tarehe 8 Aprili 1953: miaka saba na kazi ngumu. Leo vyumba walivyofungiwa ni makumbusho. Ni vidogo, na mgeni huvimaliza haraka. Ndiyo maana nasisitiza safari yenyewe. Nairobi iko karibu kilomita 400 kutoka pale. Reli iliishia Kitale, na mawakili walilala huko, wakisafiri kila siku ya kesi kwenda na kurudi. Umbali ule ulichaguliwa. Anayefika Kapenguria akiwa amechoka ameanza kuielewa kesi ile.

Mwongozo wangu ni kitabu cha Montagu Slater cha 1955 kuhusu kesi hiyo. Nimekisoma mara nyingi hata jalada limeachana na kurasa. Slater alikuwa mtunzi wa tamthilia, ndiye aliyeandika maneno ya opera ya Peter Grimes, na sikio lake la jukwaani linaonekana: anawaachia mashahidi na mawakili wazungumze. Humo utaona mvutano juu ya mkalimani. Louis Leakey ndiye aliyetafsiri kati ya Kikikuyu na Kiingereza, wakili wa washtakiwa, D. N. Pritt, akapinga kwamba Leakey ana upande, na Leakey akajiondoa. Kwangu mimi huo ndio moyo wa kesi, kuliko hata ushahidi wa Rawson Macharia, ambaye mwaka 1958 aliapa kwamba alisema uongo. Watu walishtakiwa mbali na jamaa zao, na maneno yao yakapitia kinywa wasichokiamini.

Sasa nirudi kwenye miti. Nikiwa na miaka tisa hivi, babu alinichukua kwenye kokwet, baraza la kijiji, chini ya mkuyu, kusikiliza mzozo wa ng'ombe walioingia shamba la mahindi. Mzee mmoja alikuwa mzito wa kusikia. Kila aliyesema alisogea karibu naye, akarudia maneno yake yote, na baraza likangoja. Jua lilipopinda hatukuwa hata nusu ya shauri. Hakuna aliyesema mzee yule aachwe.

Wenzangu watanikumbusha, na ni haki yao, kwamba mama wa shamba lile alisimama pembeni akisemewa na shemeji yake. Nililiona hilo kwa macho yangu, na Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010, kinachotambua njia za jadi za kutatua migogoro, hakiruhusu zitumike kinyume cha haki za binadamu. Kosa lile ni kubwa. Lakini wanaume wale, kwa ajili ya mzee mmoja, walijua kwamba shauri lisilosikika bado halijaamuliwa. Darasani Kapenguria hilo halikujaliwa.

Mkuyu ule ulikatwa, shina lake limebaki ukingoni mwa shamba la ngano, mwendo mfupi kutoka hapa. Wazee wa hapa wamekubali kutupeleka baada ya chai. Mwenye viatu vyepesi aazime gambuti, maana jana kulinyesha.