Lenzi Ndani ya Jicho

Wapo wazee wanaoahirisha upasuaji wa mtoto wa jicho wakidhani jicho hung'olewa. Sivyo. Hutolewa lenzi ya asili iliyoingia ukungu, ikawekwa ya plastiki.

Wazo hilo lilitoka vitani. Vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege viliwaingia marubani machoni (Spitfire nyingi ziliundwa Castle Bromwich, jirani na Sutton Coldfield), na daktari Harold Ridley akaona jicho halikuikataa. Mwaka 1949, jijini London, alipandikiza lenzi ya kwanza. Wenzake wengi wakampinga kwa miaka. Leo lenzi hukunjwa, ikapita tundu la milimita 3 hivi.

Ganzi hutiwa, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mkalimani wa NHS ni bure, aombwe mapema. Maumivu makali au kuona kukififia baadaye, hospitali ipigiwe simu mara moja.