Jicho la Kuona Eksirei za Angani



Eksirei tunazijua hospitalini. Nyota nazo hutoa eksirei, lakini hewa huzizuia. Hata hapa Dodoma, mbingu bila wingu, hazitufikii.

Ndiyo maana tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Macho yake yalikuwa visanduku vya gesi.

Eksirei kali hupenya gesi zikaponyoka. Basi darubini ya NuSTAR, mwaka 2012, ilipelekwa juu na fuwele za kadimi, zinki na teluri. Eksirei ikigonga fuwele, umeme kidogo huzuka. Ikiwa kali zaidi, umeme huzidi. Hivyo nguvu yake hupimwa.

Tusiseme elimu hii ni ya wageni. Setilaiti ile iliondokea pwani yetu, kwa jina letu. Watoto wetu wasome hesabu na sayansi.