Mtoto wa Kudha Atasikilizwa na Nani?

Novemba 2014, Kudha, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Kismayo, Somalia, paligeuka uwanja wa vita. Al-Shabaab na askari wa Jubaland walipigania kijiji cha wavuvi, na walioweza kukimbia walikimbia. Haikuwa mara ya kwanza. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walipanda vyombo wakaelekea Lamu na Mombasa, na baadhi yao wakaishi miaka katika kambi ya Jomvu. Kila safari ya namna hiyo ilikuwa na watoto ndani yake.

Mtoto aliyeona nyumba yao ikichomwa huweza kufika salama na bado asiwe salama. Mlango ukigongwa, hushtuka. Ana miaka 12 na bado hukojoa kitandani. Chuoni hataki kwenda. Wazee humpeleka akasomewe, na faraja ya kisomo si haba. Lakini kiwewe cha vita kina tiba inayojulikana pia. Pasipo na daktari wa magonjwa ya akili, nani ataitoa?

Jibu lipo, nalo lilipatikana kwa Wasomali wenyewe, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Mwaka 2005 mtafiti Patricia Onyut na wenzake walichapisha habari za watoto 6 wa Kisomali, wa miaka 12 hadi 17, waliotibiwa kwa masimulizi. Katika tiba hii kamba hutandazwa sakafuni, na ncha yake moja ndiyo siku ya kuzaliwa. Palipokuwa na furaha huwekwa ua. Palipotokea la kutisha huwekwa jiwe. Kisha mtoto husimulia tangu mwanzo, na akifika kwenye jiwe haruki: anaeleza alichoona, alichosikia, mwili wake ulivyotetemeka, huku mshauri yuko naye. Mshauri huandika yote, na kikao kijacho humsomea mtoto, naye husahihisha. Vikao vilikuwa 4 hadi 6 tu. Miezi 9 baadaye, nafuu ilikuwa bado ipo.

Watoto 6 ni wachache mno kwa hukumu. Ndiyo maana utafiti wa mwaka 2008, hapo hapo Nakivale, una uzito wake: wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, na waliowatibu hawakuwa madaktari bali wakimbizi wenzao waliofunzwa kwa wiki 6. Kati ya waliopata tiba ya masimulizi, takriban asilimia 70 hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe; kwa waliofuatiliwa tu bila tiba, ilikuwa asilimia 37. Nchini Ethiopia, katika kambi za Wasomali karibu na Jijiga, wakimbizi waliofunzwa waliwahudumia watoto na vijana kwa tiba nyingine ya mazungumzo, na ripoti ya mwaka 2018 ilionyesha dalili zikipungua. Huko hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo matokeo yake yapokewe kwa tahadhari.

Mshauri wa jamii ile ile anafaa kwa sababu iliyo wazi: anaijua lugha, anamjua mama wa mtoto, na jioni hapandi ndege kurudi kwao. Mtoto wa Kudha akiulizwa kwa Kisomali atajibu, lakini anapolia usiku analia kwa Kibajuni.

Hata hivyo, moyo wa huruma peke yake hautoshi, na hapa ndipo miradi mingi ya misaada hukosea. Kumwita kijana kwenye semina ya siku mbili, kumpa fulana, kisha kumwachia mtoto anayetaka kujiua, ni kuwadhulumu wote wawili. Washauri wa Nakivale walifunzwa kwa kina na walikuwa na wataalamu wa kuwasimamia. Tena wengi wa washauri wa aina hii wamepitia vita vile vile. Nao wanahitaji wa kuwasikiliza, na wanahitaji mshahara.

Kwa hiyo Wizara ya Afya ya Jubaland na mashirika yaliyoko Kismayo yasisubiri daktari atakayekubali kuhamia visiwani. Yachague wanawake na wanaume wa Kudha, Chula na Koyama wanaoaminiwa na watu wao, yawafunze kwa wiki za kutosha, yawalipe, na yawape mtaalamu wa kumpigia simu pale jambo linapowazidi.